Yuka, Nondo na Theluji ya Denver

Jangwa tulilosimuliwa utotoni lilikuwa la jua na mchanga tu, kwa hiyo mtu akitajiwa mmea wa jangwani hufikiria kiumbe cha joto, kisichoweza kukabili hata usiku mmoja wa barafu. Jangwa la Chihuahua linaikataa fikra hiyo. Kwa sehemu kubwa limelala kwenye nyanda za juu, kutoka kaskazini ya Meksiko hadi magharibi ya Texas na kusini ya New Mexico, na katika usiku wa Januari huko maji yaliyoachwa kwenye ndoo hulala maji yakaamka jiwe. Katika wilaya ya Brewster, pale mto Rio Grande unapopinda kuizunguka milima, kuna miteremko ya mawe ya chokaa yenye udongo haba. Juu ya mawe hayo ndipo inapoota Yucca rostrata: shina moja lililonyooka, refu kuliko mtu, na kichwani mviringo wa majani membamba, mamia kwa mamia, ya kijivu kilichoingiwa na samawati, kila jani likiishia kwenye ncha inayochoma. Daktari George Engelmann wa Saint Louis, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuichambua mimea ya magharibi ya Marekani, ndiye aliyeipa jina hilo. Alifariki 1884, na maelezo rasmi ya mmea wenyewe yakachapishwa na William Trelease mwaka 1902. Leo ni miongoni mwa yuka zinazotafutwa sana na watu wenye nyumba katika miji ya baridi.

Naishi Denver, Colorado, mji ulio mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, miguuni pa Milima ya Rocky. Mvua na theluji ya mwaka mzima hapa, ukiviyeyusha na kuvipima pamoja, kwa kawaida haifiki milimita 400. Hewa ni kavu, jua ni kali hata katikati ya Januari, na baridi haibishi hodi. Mwezi wa Desemba 2022 halijoto iliporomoka ndani ya saa chache, na tarehe 22 kipimo cha uwanja wa ndege kikasoma nyuzi 31 za Selsiasi chini ya sifuri. Mawaridi ya jirani yalikufa hadi shinani. Yuka yangu ilibabuka ncha za majani, basi. Moyo wake ulibaki mgumu, na kiangazi kilipokaribia ukasukuma majani mapya kana kwamba hakuna lililotokea.

Ukiwauliza wenye bustani wa hapa ni kitu gani huiua yuka, hawaanzi na baridi. Wanaanza na maji. Mmea unaojiandaa na majira ya baridi hupunguza maji ndani ya seli zake na kuongeza sukari, na utomvu ukishakuwa mzito huganda kwa shida. Ukiumwagilia Oktoba kwa huruma, umeuvua silaha vita ikiwa mlangoni. Kisha kuna mizizi. Ikikaa kwenye tope baridi hukosa hewa, kuvu huingia, na kufika Machi kitovu cha mmea kimeoza huku majani ya nje yangali na rangi nzuri. Unalivuta jani la katikati, linachomoka lote mkononi, na harufu yake inakueleza yaliyobaki.

Ndiyo maana kazi yenyewe iko ardhini, na hufanywa kabla mmea haujatoka kwenye chungu chake. Udongo wa mitaa mingi ya Denver ni mfinyanzi mzito. Shimo lililochimbwa ndani yake na kujazwa mchanga hugeuka bakuli: maji yanaingia, hayana pa kutokea. Ni afadhali kutochimba kabisa na badala yake kujenga tuta. Unamwaga kokoto na changarawe, unachanganya na udongo kidogo wa mahali hapo ili mizizi ijue inakokwenda, unalipandisha tuta mpaka magotini, kisha unaupanda mmea juu kabisa, shingo yake ikiwa wazi. Juu yake unatandaza changarawe tena. Maganda ya miti, ambayo watu hapa huyatandaza kila mahali, yanafaa kwa mimea mingine. Kwenye shingo ya yuka yanashika unyevu usiotakiwa. Mahali pawe upande wa kusini wa nyumba, ukuta unapopokea jua la mchana na kulirudisha usiku. Pawe pia mbali na njia ya kupita, kwa sababu ncha za majani ya mmea mchanga ziko usawa wa macho ya mtoto.

Wakati wa kupanda ni mwisho wa majira ya kuchipua, baridi ikishaaga, ili mizizi ipate kiangazi kizima cha kushika ardhi. Mwaka wa kwanza unamwagilia, kwa kina na kwa nafasi, ukisubiri udongo ukauke kabisa kati ya mara moja na nyingine. Mwaka wa pili unapunguza. Baada ya hapo unaiachia mbingu, na ikifika Septemba mpira wa maji unakunjwa hata kama jua linawaka. Samadi haihitajiki. Mtu aliyelelewa kwenye shamba la migomba, ambako mapenzi kwa mmea huonekana kwa majivu, samadi na matandazo, huona vigumu kusimama tu mikono nyuma. Nami naamini kusimama huko ni kazi. Inakulazimu kuutazama mmea kwa makini zaidi, kwa kuwa huna la kuufanyia ila kuutazama.

Jambo moja zaidi la mikono, kisha nitaendelea. Majani ya yuka yakizeeka hayadondoki. Hukauka na kulala chini kuzunguka shina kama sketi ya ukindu. Mafundi wa bustani wengi huyanyoa ili shina lionekane safi, na wanunuzi hulipia usafi huo. Sioni sababu yake. Majani makavu hulikinga shina na jua la mchana wa Februari linalofuatwa na barafu ya jioni ile ile, na ndani yake wadudu na ndege wadogo hupata mahali pa kujificha upepo ukivuma. Aliyeushonea mmea vazi lake alijua anakoupeleka.

Kwa nini mtu ajisumbue na mmea wa miiba wakati angeweza kuotesha nyasi? Jibu linapita chini ya milima. Karibu nusu ya maji ya Denver hutoka upande wa pili wa Milima ya Rocky, katika bonde la mto Colorado, na kuvushwa kwa mahandaki. Handaki la Roberts pekee lina urefu wa zaidi ya kilomita 37 ndani ya mwamba. Mto Colorado wenyewe unategemewa na watu wapatao milioni 40, kutoka hapa hadi Meksiko, na mabwawa yake yamekuwa yakipungua tangu mwanzo wa karne hii. Maji hayo yaliyovushwa milimani, mengi yake huishia kwenye nyasi za mbele ya nyumba. Nyasi zenyewe wanaziita za Kentucky, lakini asili yake ni Ulaya na Asia, nchi za mawingu na manyunyu. Zinakatwa kila wiki, hazilishi mnyama, na katika mitaa mingi sijawahi kuona mtoto akizichezea. Shirika la maji la mji, Denver Water, lilianza mwaka 1981 kuwahimiza watu wapande bustani zinazoishi kwa maji machache. Mwaka 2024 jimbo la Colorado lilipitisha sheria inayozuia, kuanzia 2026, kupanda nyasi za mapambo tu kwenye viwanja vipya vya biashara, majengo ya umma na kandokando ya barabara. Viwanja vya watu binafsi havikuguswa, na huko ndiko kila mwenye nyumba anabaki na dhamiri yake.

Kwangu kulikuwa na dhamiri nyingine pia, na hiyo ilinijia kwa simu kutoka kwetu Muheza, Tanzania. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimwonyesha mama yuka yangu kwenye kioo cha simu. Alinyamaza kidogo.

“Mwanangu, huo si mkonge?”

“Si mkonge, mama. Ni ndugu yake.”

“Na umeupanda kwa mkono wako? Mlangoni?”

Macho ya mama hayakukosea. Yuka na mkonge ni wa ukoo mmoja wa mimea, na asili ya wote wawili ni bara la Amerika. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Ilipita Hamburg, mingi ikafa njiani, na iliyosalimika kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Kutoka kwenye hiyo 62 yakatoka mashamba yote ya Tanga, Korogwe, Morogoro na Kilosa, na katikati ya miaka ya 1960 Tanganyika iliyokwisha kuwa Tanzania ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Baba yake mama yangu alikuwa mmoja wa manamba walioikata. Alikuja na mkataba kutoka mbali, akakaa kwenye kambi, akaamka alfajiri kwenda kupunguza miiba, kukata majani, kuyafunga na kuyabeba hadi kwenye reli iliyokuwa ikiyapeleka kwenye korona, kiwanda cha kusindika mkonge. Mama alikua akiiona mikono ya baba yake. Kwake, mmea wenye majani ya namna hiyo hauwi pambo, na mtu mwenye hiari haupandi karibu na mlango wa watoto wake.

Nimelifikiria sana swali lake, na sitaki kulijibu haraka haraka. Mkonge huenda ndio mmea mtiifu kuliko yote iliyowahi kupakiwa melini. Hauzai kwa mbegu kwa kawaida. Huzaa kwa maotea yanayotoka mizizini na kwa vimiche mamia vinavyoota kwenye mlingoti wa maua, halafu mmea mama hufa. Mche mmoja ni shamba zima linalosubiri. Hauhitaji nyuki wa kwao, hauhitaji popo, hauhitaji yeyote aliyebaki nyuma. Kwa tabia hiyo ulifaa kwa biashara ya kikoloni, ambayo ilitaka mimea isiyo na jamaa na, kwa kadiri ilivyoweza, watu wasio na jamaa. Babu yangu aliletwa Tanga kama mkonge ulivyoletwa: peke yake, kwa ajili ya kamba za meli za watu wengine.

Yuka haikubali kusafirishwa namna hiyo. Inaweza kupelekwa London ikakua, ikatoa mlingoti wake na mamia ya maua meupe yanayoning'inia, na watu wakasimama kuitazama. Kisha maua hukauka na kudondoka, wala hakuna tunda. Kwa aina nyingi za yuka, asipokuwepo nondo mmoja mahususi, au mtu aliye tayari kufanya kazi yake kwa brashi ndogo, hakuna mbegu.

Habari za nondo huyo zilianza kueleweka mwaka 1872, pale Engelmann, yule yule daktari wa Saint Louis, alipoona kwamba ua la yuka haliwezi kujichavusha lenyewe, na mwenzake Charles Valentine Riley, mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Missouri, akakaa usiku na taa kuyachunguza maua. Alichokiona kilimshangaza hata Charles Darwin kule Uingereza. Nondo wenyewe ni wadogo, weupe, na mchana hujificha ndani ya maua wasionekane. Jike ana viungo viwili vilivyopinda kando ya mdomo ambavyo nondo wengine hawana. Kwa viungo hivyo hukwangua chavua, akaiviringa kuwa tonge, akaibana chini ya shingo na kuruka nayo hadi ua la mmea mwingine. Hapo hutoboa ovari ya ua na kutaga ndani yake. Kisha hupanda hadi kwenye stigma na kuisukumia ndani chavua aliyokuja nayo, kwa juhudi, mara kwa mara. Yeye mwenyewe hali chavua wala asali. Katika siku chache za utu uzima wake hali kitu chochote. Anachofanya ni kuhakikisha kwamba ua litazaa mbegu, kwa sababu watoto wake watakula baadhi ya mbegu hizo.

Baadhi tu. Nondo akitaga mayai mengi kupita kiasi ndani ya ua moja, mmea hulidondosha ua hilo, na viwavi hufia humo. Wanasayansi wanaliona hilo kama kizuizi kinachoulinda ushirika huu wa mamilioni ya miaka usigeuke unyang'anyi. Nikilifikiria huwa nasita kwenye neno kizuizi, maana linafanya uonekane mkataba wa mahakamani, na ninachokiona mimi Juni ikifika ni kikubwa kuliko mkataba: viumbe wawili ambao kila mmoja amekabidhi uzao wake mikononi mwa mwenzake.

Viwavi wakishiba hutoboa tunda, hushuka hadi ardhini na kujichimbia karibu na mmea, na humo hulala majira yote ya baridi, pengine zaidi ya mwaka, hadi maua yatakaporudi. Hili lina maana kubwa kwa mwenye bustani. Wengi hapa hutandika karatasi ya plastiki chini ya changarawe ili magugu yasiote. Kiwavi akishuka hukutana na plastiki. Mwingine hukata mlingoti wenye matunda mabichi kwa sababu anauona umechakaa, akautupa kwenye pipa la taka pamoja na kizazi kizima. Bustani yangu haina plastiki. Magugu nayang'oa kwa mkono, na milingoti huachwa mpaka matunda yapasuke yenyewe na mbegu zake nyeusi, bapa, zilizopangwa moja juu ya nyingine, zipeperushwe na upepo wa vuli.

Na hapa ndipo nilipoanza kuwa na mioyo miwili juu ya Yucca rostrata, pamoja na uzuri wake wote. Kwenye vilima vya magharibi ya mji, kuanzia Morrison na kuelekea kaskazini, iko yuka nyingine ambayo watu hupita bila kugeuza shingo. Ni Yucca glauca. Haina shina la kuonekana. Ni fungu la majani membamba, magumu, ya kimo cha goti au kuzidi kidogo, yanayochomoza kwenye nyasi za mlimani. Imeenea nyanda za kati zote za Marekani hadi Alberta nchini Kanada, ambako baridi ya Denver ingehesabiwa kuwa ya kawaida. Mzizi wake mkuu unashuka chini sana, ndiyo maana kuing'oa porini na kuihamisha ni kuiua. Mataifa ya asili ya nyanda hizi yaliisaga mizizi hiyo ikatoa povu la kuogea na kuoshea nywele. Kusini-magharibi ya Colorado, huko Mesa Verde, wenyeji wa kale wa Pueblo walizisuka singa za yuka za kwao kuwa kamba, vikapu na makubadhi, na makubadhi hayo yamehifadhiwa hadi leo, nyuzi zikiwa bado zimeshikana. Nilipoyaona nilimpigia mama picha. Alizitambua singa mara moja, na safari hii aliuliza kama walioyavaa ndio walioyasuka. Nilimjibu kuwa ndio wenyewe.

Yucca glauca haikuletwa na mtu. Nondo wake yuko hapa, amezikwa kwenye udongo ule ule wa vilimani, na mji ukipanda yuka hiyo kwenye viwanja vyake atashuka kuifuata. Kwenye tuta langu sasa zipo zote mbili: ile ndefu ya Texas karibu na ukuta wa kusini, na chini yake mafungu ya ile ya kwetu hapa, niliyoyaotesha kwa mbegu. Natumia maneno “ya kwetu hapa” nikijua uzito wake kwa mtu wa Muheza. Miche ya mbegu inachosha kusubiri. Mwaka wa kwanza huonekana kama unyasi mmoja uliopotea, na miaka hupita kabla ya ua la kwanza. Lakini ua hilo likija linakuja na matunda, na baadhi ya matunda yana tundu dogo la kiwavi aliyetoka. Tundu hilo ndilo ninalolitafuta kila Agosti, kwa furaha kuliko ua lenyewe.

Yuka kubwa za rostrata zinazouzwa kwa bei kubwa, zenye shina la urefu wa mtu, zina umri wa miongo, kwa kuwa mmea huu hukua polepole sana. Nyingi ya zile ndefu hazikuoteshwa na anayeziuza. Ziling'olewa jangwani, mizizi ikakatwa, zikapakiwa kwenye malori. Zikifika mjini hukaa misimu kadhaa zikijaribu kuotesha mizizi upya, na nyingine hushindwa taratibu mbele ya macho ya aliyelipa. Mteremko zilikotoka umebaki na mashimo, na nondo wa huko wamepungukiwa na maua. Yaliyompata babu yangu kwa mkataba, hizi yanazipata kwa risiti.

Ndiyo maana nawasihi wenye vitalu vya Denver, na nawasihi kwa heshima kwa kuwa wengi wao wanaipenda mimea hii kuliko mimi, waandike kwenye kila chungu mambo mawili pamoja na bei: mmea umeoteshwa kwa mbegu au umeng'olewa porini, na kama nondo wake yuko katika wilaya hii. Na mnunuzi akiulizia ule mrefu, waanze kumwonyesha mche wa miaka mitatu, kisha wampeleke nyuma ya kibanda zilipo Yucca glauca, ambazo kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kabisa.